Kupungua si Upungufu: Uhakiki wa Dai la Homoni ya Ujana kwa Kuzingatia Uzee wa Newala

1.0 Utangulizi

Katika mjadala wa kitabibu kuhusu kuzeeka kwa afya, ni homoni chache zilizobebeshwa ahadi kubwa kama dihidroepiandrosteroni, ambayo kwa kifupi huitwa DHEA. Homoni hii hutengenezwa hasa na tezi za adrenali, yaani tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Kiwango chake katika damu hufikia kilele mtu akiwa katika umri wa miaka ya ishirini, kisha huteremka mwaka hadi mwaka. Afikapo miaka 70 hadi 80, mtu hubakiwa na takribani asilimia 10 hadi 20 ya kiwango cha ujanani. Juu ya mteremko huo limejengwa dai lililo rahisi kueleweka: ikiwa ujana una homoni nyingi na uzee una homoni chache, basi mzee akirudishiwa homoni atarudishiwa walau sehemu ya ujana wake.

Uhakiki huu unalipima dai hilo kwa vipimo viwili. Kipimo cha kwanza ni ripoti za majaribio ya kitabibu zilizochapishwa kati ya mwaka 1994 na 2006, ambazo zinasomwa hapa kama matini: kwa kuangalia zilichouliza, zilichopima na lugha iliyobeba matokeo yake. Kipimo cha pili ni uzee wenyewe kama unavyoishiwa katika Newala, kwenye Nyanda za Juu za Makonde kusini mwa Tanzania. Newala haikuteuliwa kwa kuwa vidonge vya DHEA vimeenea huko. Imeteuliwa kwa kuwa ni mahali ambapo mwili wa mzee hutahiniwa kila siku na ndoo ya maji, mteremko wa ardhi na shamba la korosho, na kwa hiyo panafaa kuuliza ni nini hasa mzee huhitaji ili aendelee kuwa na afya.

Hoja kuu inayotetewa ni kwamba udhaifu wa dai la homoni ya ujana ulianza katika dhana kabla haujaonekana katika takwimu. Dai hilo linachukulia kila kupungua kuwa ni upungufu. Kosa hilo lina madhara kwa pande mbili: linamfanya mtu mzima aliye salama aonekane mgonjwa, na linamfanya mgonjwa wa kweli wa tezi za adrenali aonekane amezeeka tu.

2.0 Maneno mawili ya mzizi mmoja

Kiswahili kinatoa zana nzuri ya kulichambua suala hili. Maneno kupungua na upungufu yana mzizi mmoja, lakini hayasemi jambo moja. Kupungua hulinganisha kitu na hali yake ya awali. Mwezi hupungua baada ya kukamilika. Maji ya Mto Ruvuma hupungua wakati wa kiangazi. Usingizi wa mtu hupungua kadiri anavyoongeza umri. Upungufu, kwa upande mwingine, hulinganisha kitu na haja yake. Panapotajwa upungufu wa damu, upungufu wa chakula au upungufu wa kinga mwilini, kinachodaiwa ni kwamba kipo kiwango kinachohitajika na kwamba kutokifikia kunadhuru.

Tofauti hiyo inaweka mzigo wa uthibitisho mahali pake. Anayesema kwamba DHEA hupungua kwa umri anahitaji vipimo vya damu tu, na vipimo hivyo vipo vingi. Anayesema kwamba mzee ana upungufu wa DHEA anapaswa kuthibitisha jambo la ziada: kwamba mwili wa mtu wa miaka 70 unahitaji kiwango cha mtu wa miaka 25, na kwamba madhara ya kukikosa huondoka kiwango kikirudishwa. Watetezi wengi wa dai hili huthibitisha la kwanza, kisha huandika hitimisho la pili.

Mkanganyiko huohuo hujitokeza katika vitenzi kufidia na kuongeza. Hufidiwa kilichopotea na ambacho kupotea kwake ni hasara. Huongezwa chochote kile, kiwe kinahitajika au hakihitajiki. Tiba ya kufidia homoni ni neno lenye heshima katika udaktari, kwa kuwa imeokoa maisha ya watu wengi. DHEA ilipopewa wazee wenye afya kwa jina la dozi ya kufidia, iliazima heshima hiyo kabla ya kuonyesha kwamba kulikuwa na hasara ya kufidiwa.

3.0 Asili ya dai

Dai la kuurudisha ujana kwa maji ya tezi lina historia ndefu kuliko DHEA, na sehemu ya historia hiyo inaanzia katika Bahari ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Morisi, mwaka 1817. Mwaka 1856, mwaka mmoja baada ya daktari Mwingereza Thomas Addison kueleza ugonjwa unaotokana na kuharibika kwa tezi za adrenali, Brown-Séquard aliripoti kwamba wanyama walioondolewa tezi hizo walikufa upesi. Kwa jaribio hilo alionyesha upungufu kwa maana yake kamili: kitu kimeondolewa na uhai umeshindwa kuendelea.

Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 72, mwanasayansi huyohuyo aliwaeleza wenzake jijini Paris kwamba alikuwa amejidunga maji yaliyotokana na korodani za wanyama, na kwamba nguvu zake zilikuwa zimerejea. Safari hii hapakuwa na kundi la kulinganisha, na aliyepima ndiye aliyepimwa. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba maji ya aina ile yasingeweza kubeba homoni ya kutosha kuleta athari aliyoieleza. Mtu mmoja, kwa hiyo, aliacha mifano miwili inayopingana: mmoja wa uthibitisho na mwingine wa matumaini. Historia ya DHEA imekuwa ikitumia mamlaka ya mfano wa kwanza kuuza ahadi ya mfano wa pili.

DHEA yenyewe ilitengwa kutoka katika mkojo na Adolf Butenandt mwaka 1934. Étienne-Émile Baulieu wa Ufaransa alionyesha mwaka 1960 kwamba tezi za adrenali za binadamu huimwaga katika damu ikiwa imeungana na salfeti. Majaribio yaliyofuata kwa panya yaliamsha matumaini makubwa, lakini panya kwa asili huwa na DHEA kidogo sana katika damu. Kumpa panya dozi kubwa ya homoni ambayo mwili wake hauitegemei hakuwezi kuitwa kufidia. Nchini Marekani, homoni hii ilizuiwa kuuzwa bila idhini ya daktari mwaka 1985, kisha sheria ya mwaka 1994 kuhusu virutubisho nyongeza ikairudisha madukani. Iliruhusiwa kuuzwa tena bila kutakiwa kwanza kuthibitisha, kama dawa zinavyotakiwa, kwamba inatibu chochote.

4.0 Usomaji wa majaribio matatu

Jaribio la kwanza linalostahili kusomwa kwa makini ni la Morales na wenzake, lililochapishwa mwaka 1994. Lilihusisha wanaume 13 na wanawake 17 wenye umri wa miaka 40 hadi 70, waliopewa miligramu 50 za DHEA kila usiku katika kipindi kimoja na vidonge visivyo na dawa katika kipindi kingine. Viwango vya damu vilifikia vya ujanani ndani ya wiki mbili. Asilimia 67 ya wanaume na asilimia 84 ya wanawake walisema wanajisikia vizuri zaidi. Matokeo hayo ndiyo yaliyonukuliwa sana. Hata hivyo, msomaji anapaswa kukumbuka mambo mawili: washiriki walikuwa 30 tu, na wengi wao kwa vigezo vya Tanzania wasingehesabiwa kuwa wazee, kwa kuwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60.

Jaribio la pili ni la Baulieu na wenzake la mwaka 2000. Watu 280 wenye afya, wa umri wa miaka 60 hadi 79, walipewa miligramu 50 kwa siku au vidonge visivyo na dawa kwa mwaka mmoja. Ripoti ilitaja mabadiliko yenye manufaa katika uhai wa mifupa na hamu ya tendo la ndoa kwa wanawake waliozidi miaka 70, pamoja na nafuu katika hali ya ngozi, hasa kwa wanawake. Matokeo hayo si ya kupuuzwa. Lakini uchambuzi wa misuli kutoka katika utafiti huohuo, uliochapishwa mwaka 2003, haukuona nguvu zikiongezeka. Ngozi ilinufaika kuliko msuli.

Jaribio la tatu, la Nair na wenzake la mwaka 2006, ndilo lililouliza swali kwa ukamilifu zaidi. Lilidumu miaka miwili na kuhusisha wanaume 87 na wanawake 57 waliochaguliwa kwa sababu viwango vyao vya homoni vilikuwa chini. Hao ndio ambao, kwa mantiki ya dai, wangenufaika kuliko wote. Homoni ilipanda katika damu kama ilivyokusudiwa. Msongamano wa madini ya mifupa uliongezeka kidogo katika baadhi ya sehemu za mwili. Muundo wa mwili, uwezo wa kufanya kazi za nguvu, mwitikio wa mwili kwa insulini na ubora wa maisha havikupata nafuu yenye maana.

Yakisomwa kwa pamoja, majaribio hayo matatu yanakubaliana katika jambo moja: namba ya maabara hurudi ujanani kwa urahisi. Yanatofautiana katika kila kilichotarajiwa kufuata. Kadiri jaribio lilivyokuwa refu na kadiri lilivyopima utendaji badala ya kuuliza hisia, ndivyo ahadi ilivyosinyaa. Kama kupungua kungekuwa ndio upungufu, waliokuwa na viwango vya chini kabisa wangeonyesha nafuu kubwa kabisa. Hawakuonyesha.

Hapana budi pia kutaja gharama. Mwili hubadilisha DHEA kuwa homoni za kiume na za kike. Kwa wanawake inaweza kuleta chunusi na nywele za usoni, na kwa wote kuna tahadhari kuhusu saratani zinazochochewa na homoni, kama vile za matiti na tezi dume. Dawa yenye athari za namna hiyo haipati haki ya kutumiwa kwa mazoea kwa sababu tu chupa yake imeandikwa kirutubisho.

5.0 Penye upungufu wa kweli

Uhakiki usingetenda haki kama ungeishia kukana. Upo upungufu wa kweli wa homoni za adrenali. Katika ugonjwa wa Addison tezi zenyewe huharibika, na mgonjwa asipopewa haidrokotisoni au dawa ya jamii yake anaweza kufariki dunia. Kwa wagonjwa wa aina hiyo hata DHEA imekuwa na nafasi: jaribio la Arlt na wenzake la mwaka 1999, lililohusisha wanawake 24 wenye tezi zilizoshindwa kufanya kazi, lilionyesha nafuu katika hali ya moyo na maisha ya ndoa. Tafiti za baadaye zimepunguza ukubwa wa nafuu hiyo, lakini hazijaifuta. Homoni ileile iliyoshindwa kuonyesha manufaa makubwa kwa wazee wenye afya ilionyesha manufaa kwa wenye upungufu. Tofauti haikuwa katika kidonge. Ilikuwa katika haja.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mikoa ya kusini mwa Tanzania na kwingineko ambako kifua kikuu bado ni ugonjwa wa kila mwaka. Tangu siku za Addison, kifua kikuu kinajulikana kuwa miongoni mwa sababu kuu za kuharibika kwa tezi za adrenali. Dalili zake ni uchovu usioisha, kukonda, kizunguzungu mtu anaposimama, shinikizo la chini la damu, hamu ya chumvi na weusi unaoongezeka, ambao kwa mtu mweusi hutafutwa katika fizi na mikunjo ya viganja. Karibu kila moja ya dalili hizo, ikimpata mtu wa miaka 68, huweza kuelezwa kwa neno moja: uzee.

Hapa ndipo kosa la kidhana linapogeuka kuwa suala la uhai. Soko la homoni humwambia mteja kwamba uzee wake ni ugonjwa. Chumba cha matibabu chenye haraka humwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake ni uzee. Kauli hizo mbili zinaonekana kupingana, lakini zinatokana na uzembe mmoja wa kutotofautisha kupungua na upungufu. Anayeumia zaidi ni yule wa pili, kwa sababu dawa aliyoihitaji ipo, inajulikana na ina ushahidi.

Hatari ya tatu iko katikati ya hizo mbili. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimewahi kukuta prednisoloni au deksamethasoni katika bidhaa za maumivu ya viungo zilizouzwa kama dawa za mitishamba. Dawa hizo huiga homoni nyingine ya adrenali, yaani kotisoli. Goti huacha kuuma kwa muda, nazo tezi za mtumiaji huzoea kutofanya kazi; akiacha ghafla, anaweza kuanguka kwa upungufu uliotengenezwa. Kwa mzee mwenye maumivu ya magoti, hatari hii iko karibu kuliko ukosefu wa DHEA.

6.0 Newala kama kipimo

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa nyanda za juu, mahali ambapo pale panapoitwa Shimo la Mungu ardhi hushuka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Udongo wa nyanda hizo hunywa mvua upesi, na kwa muda mrefu maji yalilazimika kufuatwa chini ya mteremko na kupandishwa kichwani. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliikuta hali hiyo, na mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 ulikusudiwa kuiondoa. Ugumu wa maji umepungua, lakini haujatoka katika kumbukumbu za miguu ya wanawake waliozeeka huko.

Kazi nyingine ni korosho. Msimu unapofika, zao hili huokotwa chini ya miti, hutenganishwa na bibo, huanikwa na kupelekwa ghalani. Ni kazi ya kuinama na kuchuchumaa, na wazee hawaachwi nje yake. Mkulima huyohuyo anajua kutofautisha mkorosho uliopukutisha majani kwa majira na mkorosho ulioshikwa na ubwiriunga. Wa pili huupulizia salfa, wa kwanza huusubiri. Maarifa hayo ya shambani ndiyo yanayokosekana katika dai la homoni ya ujana.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2015, lilieleza kuzeeka kwa afya kuwa ni kujenga na kudumisha uwezo wa kutenda unaompa mtu ustawi uzeeni. Fasili hiyo inakaribiana na maana iliyomo tayari katika Kiswahili, ambamo uzima ni uhai, ni afya, na mtu aliyekomaa huitwa mtu mzima. Kwa fasili hiyo, swali la Newala linakuwa dhahiri: je, mzee anaweza kuinuka, kutembea hadi shambani, kubeba, kuona na kukaa na wajukuu? Majaribio ya DHEA yalipouliza maswali ya namna hiyo, majibu yalikuwa hafifu. Kinyume chake, mwaka uleule wa 1994, Fiatarone na wenzake waliripoti kutoka Boston kwamba kati ya wazee dhaifu 100, wenye wastani wa miaka 87, waliofanya mazoezi ya kuinua uzito kwa wiki kumi walizidisha nguvu za misuli kwa zaidi ya maradufu. Tezi zao hazikurudishwa ujanani. Miguu yao ilifanyishwa kazi kwa kipimo.

Matokeo hayo nayo hayafai kuhamishwa bila kufikiri. Wazee wa nyumba za matunzo za Boston walikosa kazi. Wengi wa Newala wamefanya kazi kupita kiasi bila mapumziko wala lishe ya kutosha. Somo linalohamishika ni kwamba uwezo wa kutenda hujengwa na kudumishwa na mambo yanayoonekana: chakula, kazi yenye kiasi, shinikizo la damu linalodhibitiwa, mtoto wa jicho unaofanyiwa upasuaji, maji yaliyo karibu.

7.0 Hoja pinzani

Inaweza kudaiwa kwamba mtazamo huu unawanyima wazee wa vijijini sayansi ambayo wenzao wa miji mikubwa wanaifaidi. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa, kwa sababu mara nyingi wanaousifu uzee ni wale wasioishi maumivu yake. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini heshima iliyomo katika methali hiyo haimtibu mtu goti. Mila za unyago na jando za Wamakonde zimewapa wazee nafasi ya ualimu, na nafasi hiyo haiwaondolei haja ya daktari.

Hata hivyo, usawa hauwezi kupatikana kwa kugawana ahadi ambayo haijathibitishwa. Sayansi ambayo mzee wa Newala ananyimwa si DHEA. Ni kipimo cha kotisoli pale uchovu wake unapofuata kifua kikuu, ni ugavi usiokatika wa haidrokotisoni akishagundulika, na ni matibabu bila malipo ambayo Sera ya mwaka 2003 iliyakusudia kwa walengwa wake. Pia DHEA haipaswi kufungiwa mlango: mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha umbo lake la kutumiwa ukeni kwa maumivu ya tendo la ndoa baada ya kukoma hedhi. Idhini hiyo inaunga mkono hoja ya uhakiki huu, kwa kuwa ilitaja shida mahususi, mgonjwa mahususi na nafuu iliyopimwa.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba dai la DHEA kama homoni ya ujana lilithibitisha kupungua na kutangaza upungufu. Majaribio ya mwaka 1994, 2000 na 2006 yalirudisha kiwango cha homoni bila kurudisha uwezo wa kutenda kwa kiasi chenye maana, ilhali wenye upungufu wa kweli walinufaika. Kwa watafiti wa lugha, suala hili linaonyesha jinsi uteuzi wa istilahi unavyoweza kuamua nani ahesabiwe mgonjwa. Waandishi wa miongozo ya afya ya wazee kwa Kiswahili wanashauriwa kutunza mpaka kati ya kupungua na upungufu, na kati ya kuongeza na kufidia.

Kwa wahudumu wa afya wa Newala, Masasi na maeneo yanayofanana nayo, pendekezo ni la kivitendo. Mzee anayelalamikia uchovu na kukonda aulizwe kama aliwahi kuugua kifua kikuu na anatumia dawa gani za viungo, apimwe shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, na aangaliwe fizi na viganja. Baada ya hayo ndipo neno uzee liandikwe katika cheti chake, ikiwa bado litahitajika.